Jibu Fupi

Neno lililomtesa mama kuliko mengine yote lilikuwa mguu. Maisha yake yote mguu ulianzia nyongani ukaishia kwenye kucha, kitu kimoja, na mtu akisema anaumwa mguu unamuuliza wapi. Sasa mwalimu wa jioni alikuwa amesimama ubaoni akiukata vipande viwili, cha juu na jina lake, cha chini na jina lake, na mkono nao hivyo hivyo. Mama alikosea, akasahihishwa, akakosea tena. Aliporudi nyumbani alimsimulia mumewe. Fundi, ambaye siku nzima alikuwa akichomelea mageti, alicheka mpaka akakohoa, akasema hao wenye Kiingereza chao wana uchoyo wa ajabu, hata mguu wa mtu wamegawana.

"Wewe cheka," mama alisema. "Nikienda kuandika kwamba goti liko kwenye mkono, utanilisha wewe."

"Kwani sasa anakulisha nani?"

"Unanilisha moshi."

Binti yao, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, alisema kwa kuanzia mama aache kuandika mguu kwa herufi anazozisikia. Kiingereza hakiandikwi kinavyosikika. Mama akauliza basi kinasikika cha nini.

Mama alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali kubwa. Kazi yake ilikuwa kubadilisha mashuka, kumwaga haja za wagonjwa, kuwaosha wasiojiweza, kupiga deki, na kufanya kila ambacho muuguzi angetamani mtu mwingine akifanye. Chuo cha uuguzi kilikuwa nyuma ya hospitali, ndani ya uzio uleule, na kila mwaka kiliweka nafasi chache kwa wafanyakazi. Masharti yalikuwa mtihani wa maandishi, usaili wa ana kwa ana, vyote kwa Kiingereza, na mwombaji asiwe amefikisha miaka arobaini. Mama alikuwa na thelathini na tisa. Akikosa mwaka huu, mlango umefungwa, na ataendelea kumwaga haja za watu mpaka mgongo ukatae.

Alimaliza sekondari zamani, kwa alama za kupitia dirishani. Kiingereza alichobaki nacho kilikuwa cha kusomea maandishi ya kwenye chupa.

*

Darasa la jioni lilifanyika katika shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto. Watu wazima waliingiza magoti yao upande, wakakaa kama waliopanda baiskeli ya kuazima. Palikuwa na dereva wa gari la wagonjwa, karani wa stoo, askari wa getini na wengine waliojificha nyuma. Kila mmoja aliona haya mdomo wake mwenyewe. Mtu anayepigia kelele watu kutwa nzima, akiambiwa asome sentensi moja kwa sauti, ananong'ona kama anaungama.

Mwalimu alikuwa kijana mwenye shahada asiyekuwa na ajira, na ada yake aliidai kabla ya kufungua mlango. Lakini alifundisha. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka wanafunzi wakampa jina hilo: jibu fupi. Alisema mtu mzima anayejifunza lugha huharibu kwa kujieleza. Anajibu vizuri, halafu anaongeza, na kwenye nyongeza ndipo anapoanguka. Mbele ya jopo, tazama mtu usoni, sema yes au no kwa sauti, funga mdomo. Wakikutaka zaidi watauliza.

"Bwana Jibu Fupi," dereva alimwambia siku moja, "mke wangu ndiye ungemfundisha hiyo."

Nyumbani mwalimu alikuwa Binti. Alikuwa kidato cha tatu, na saa za jioni alizoea kushinda karakanani kwa baba yake. Alijua kushika futi kuliko kijana yeyote aliyewahi kuajiriwa pale, na Fundi hakukata bomba bila kumuuliza. Sasa alikatishwa hamu hiyo akakalishwa mezani na mama yake. Alikuwa mkali. Kilichomchosha ni mama kumwanza mtu akiwa mwanamke na kummaliza akiwa mwanamume.

"Mama, ukishasema ni mwanamke, usimgeuze njiani."

"Si yeye ni yeye?"

"Kwa Kiswahili. Kule wanataka kujua."

"Wanataka kujua ili iweje? Mgonjwa ni mgonjwa."

Lakini alijifunza. Alitaja viungo vya mwili akisugua sakafu, akazihesabu pumzi za wagonjwa kwa Kiingereza. Wauguzi wa wodini walimsikia, wakampa cheo: Sista Mtarajiwa. Sista Mtarajiwa, mzee wa kona amejichafua. Sista Mtarajiwa, lete maji. Mmoja wao alipenda kumwambia jambo kwa Kiingereza cha haraka mbele ya ndugu za wagonjwa, kisha kusubiri. Mama alikuwa akitabasamu, kwa kuwa hakushika yote, kisha anakwenda kuleta kitu anachodhani kimetajwa. Akileta siyo, wanacheka. Akileta ndiyo, hakuna anayesema kitu.

Miezi ile pia vidonge vya maumivu vilikuwa vikipotea wodini. Uongozi uliamuru mikoba ipekuliwe getini, na iliyopekuliwa ikawa ya wahudumu. Wauguzi walipita. Mama alifungua mkoba wake kila siku mbele ya askari yuleyule aliyekaa naye dawati moja jioni. Yule askari aligusa kitambaa cha juu tu, akageuza uso.

*

Mtihani wa maandishi alifaulu. Jina lake lilikuwa karibu na mwisho wa orodha ubaoni, lakini lilikuwemo, na la karani wa stoo halikuwemo. Fundi alipopata habari hiyo alizima mashine ya kuchomelea, akawatangazia wateja, majirani na muuza maji kwamba mke wake anakwenda kuwa sista, na kwamba kuanzia sasa mtu akija na mafua amsalimie kwanza.

Siku ya usaili alimsindikiza hadi kwenye geti la chuo. Alikuwa amevaa shati lake la harusi za watu. Akamwambia anaonekana kama hakimu. Mama akamwambia aondoke kabla watu hawajanusa moshi.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mkuu wa chuo alikaa katikati. Alikuwa amesoma ng'ambo miaka mingi, na Kiswahili chake alikitumia kwa wafagizi na madereva tu. Kulia kwake alikuwepo Matroni, msimamizi wa wodi aliyofanyia kazi mama, mwanamke mtu mzima aliyemjua tangu siku ya kwanza alipopewa fagio. Kushoto alikuwepo karani wa kuandika.

Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri. Mkuu alimuuliza anafanya kazi gani, kwa nini anataka uuguzi, angefanya nini akimkuta mgonjwa ameanguka. Mama alijibu kwa ufupi. Mguu aliutaja mahali pake, na mkono. Mgonjwa wake wa kufikirika alikuwa mwanamke na akabaki mwanamke mpaka mwisho. Aliona Matroni akiinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekubali chumvi ya mboga.

Kisha Mkuu akavua miwani. Alisema anajua kuna dawa zinapotea, na kwamba kila mwombaji anayetoka wodini anaulizwa jambo hili. Aliongea polepole ili lieleweke.

Alimuuliza, kwa Kiingereza, hujawahi kuchukua dawa za wodini ukaenda nazo kwako?

Hapo mama hakusita. Hili alilijua moyoni kabla halijatafsirika kichwani. Hajawahi, hata kidonge, hata pamba. Akanyoosha shingo.

"Yes," alisema.

Mkuu alimtazama. "Yes?"

Mama akadhani hakusikika. Mwalimu alikuwa amewaonya kuhusu kunong'ona. "Yes, sir," alisema, kwa sauti ya kujaza chumba, akafunga mdomo.

Karani aliacha kuandika, akaanza tena. Mkuu akauliza kwa upole ambao haukuwepo mwanzoni: na huoni haya?

Haya ya nini, mtu asiyeiba? "Yes," mama alisema.

Mkuu alivaa miwani yake. Alimshukuru kwa ukweli wake. Alisema si wengi wenye ujasiri huo. Matroni alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

*

Jioni ile mama alisimulia usaili wote wakati wa kula, swali kwa swali, na Fundi alisahau tonge mkononi. Alipofika kwenye dawa alipunguza mwendo, maana hapo ndipo aliposhukuriwa. Hebu fikiria, mkuu mzima wa chuo anamshukuru mpiga deki.

Binti aliacha kutafuna. "Alikuuliza vipi? Kwa maneno gani?"

Mama aliyarudia maneno ya Mkuu yalivyokuwa. Aliyakumbuka yote, na kwa kuyakumbuka alijisikia fahari.

"Ukasema?"

"Yes."

"Mama, ungesema no."

"Niseme no kwa nini, na mtu amesema kweli?"

Binti akasukuma sahani. Alieleza polepole, kama anayemvua mtoto mwiba. Kwa Kiswahili mtu akikuuliza hujala, ukasema ndiyo, umemkubalia yeye: hujala. Kwa Kiingereza hukubaliani na mtu, unasema habari zako. Ukisema yes, umekula.

"Hata kama kauliza hujala?" Fundi aliuliza.

"Hata kama."

"Sasa mwenye njaa asemeje?"

"Aseme no."

"No, sijala."

"Hapo sawa, baba."

"Huo si ugomvi? Mtu anakwambia kweli, unamkatalia?"

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa akirudisha maswali ya Mkuu kichwani, moja moja, na kuyasikia kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo nimesema nimeiba."

"Umesema umechukua."

"Mara moja?"

"Mara mbili, Mama. Na la tatu umesema unaona haya."

Fundi alisema haiwezekani. Watu wazima watatu wamekaa pale, wote wamelelewa na mama zao wakiambiwa hujala na kujibu ndiyo. Matroni alikuwepo. Matroni anamjua mama. Kesho atakwenda kwa Matroni na mambo yatakwisha, ni neno tu, si mtu amekufa. Alilisema hilo mara nyingi mno kwa mtu anayeliamini.

*

Asubuhi mama alisubiri nje ya ofisi ya wodi mpaka madaktari walipomaliza kupita. Matroni alipomwona alimwita ndani, akafunga mlango, akamwambia akae. Siku nyingine hakuwahi kumwambia akae.

Mama alianza kueleza habari ya ndiyo na yes. Hakufika mbali.

"Nilijua," Matroni alisema. "Nilijua palepale."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Sasa ningefanyaje, nimsahihishe Mkuu mbele ya karani? Nikujibie? Usaili wako ulikuwa wa kwako, mdogo wangu."

"Wewe unajua siibi."

"Najua. Tena ningeapa." Matroni akasogeza kalamu zake. "Lakini sikiliza, maana hakuna mwingine atakayekwambia. Usiku uko zamu. Daktari anakupigia simu, anakuuliza kwa Kiingereza, hujamchoma sindano? Na kweli hujamchoma. Wewe unamwambia yes. Yeye anakata simu, anajua sindano imeingia. Asubuhi tunafunika mtu. Nilipokusikia niliona hiyo, sikuona dawa zilizopotea."

Mama aliona ni kweli. Kisha akasema daktari mwenyewe ni mtu wa hapahapa, muuguzi wa hapahapa, mgonjwa wa hapahapa. Wote watatu wakiumwa jino wanalia kwa Kiswahili. Kwa nini basi sindano iulizwe kwa njia ya kuzunguka nyumba?

"Mgonjwa anaongea Kiswahili," Matroni alisema. "Faili lake haliongei. Sikulipanga mimi. Mimi nami nilifeli usaili wa kwanza, sema nilikuwa na umri wa kurudia."

Halafu akamweleza yaliyobaki. Mkuu alitaka jambo lile lifikishwe kwa walinzi, mtu amekiri kwa kinywa chake. Matroni alimsihi. Alimwambia huyu ni mama wa watu, ni mchapakazi, amekosa mara moja. Wamekubaliana lisiende mbele, ila asionekane tena karibu na kabati la dawa. Kuanzia wiki ijayo atakuwa chumba cha kufulia.

"Ulimwambia nimekosa mara moja."

"Nilimwambia kitu atakachokielewa. Ningeanza kumfundisha yes na ndiyo, ingeonekana nakulinda. Ungefukuzwa. Umeokoka, shukuru."

Alisubiri. Alikuwa amefanya wema, na alitaka kuuona ukipokewa.

"Asante, Matroni," mama alisema.

Alitoka, akamalizia kupiga deki. Katika yote yaliyompata, asante ile ndiyo iliyomrudia kooni siku nyingi baadaye.

*

Orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwemo. Alikuja nyumbani kumpa mama pole, akakaa ukingoni mwa kiti, hakujua aifiche wapi furaha yake, akaondoka haraka. Mwalimu wa jioni aliposimuliwa alisema lile swali lilikuwa na mtego, na kwamba mada hiyo huifundisha katika awamu ya pili, kwa waliolipa awamu ya pili.

Karakanani wateja walimuuliza Fundi sista anaanza lini. Mwanzoni alisema bado kuna mambo ya makaratasi. Baadaye alishusha kioo cha kinga usoni kila alipoona mtu anakaribia na swali, akachomelea hata mahali palipokwisha kuchomelewa. Usiku alimshauri mke wake waliache. Kufulia ni kazi kama kazi, mshahara ni uleule, na angalau hakuna mtu wa kukutapikia. Mama alimgeuzia mgongo.

Aliyekataa ni Binti. Alisema Mkuu ni mtu mwenye akili, akielezwa ataelewa, na wa kumweleza kwa lugha anayoiheshimu yupo. Asubuhi moja hakwenda shule. Alivaa sare iliyopigwa pasi, akamshika mama yake mkono mpaka chuoni.

Walingoja kwenye benchi la nje. Katibu muhtasi aliwauliza shida yao mara mbili, kisha akawaambia Mkuu yuko kwenye simu. Walimwona kupitia mlango ulioachwa wazi. Hakuwa kwenye simu. Alikuwa akinywa chai.

Walipoingia, Binti hakungoja kukaribishwa kiti. Alianza kuongea. Alimsalimu Mkuu, akajitambulisha, akaeleza jambo lote kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kupanda sauti wala kuomba radhi. Mama alisimama nyuma yake na mkoba wake kifuani. Alielewa kila neno. Alisikia yote aliyotaka kuyasema yakitoka mazima katika kinywa cha mtoto aliyemfundisha kunawa, na kilichomjaa kifuani kilikuwa fahari, na ndani ya fahari kitu kingine ambacho hakutaka kukiita jina lake.

Mkuu alisikiliza. Kisha uso wake ukafunguka, akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyepata kitu alichokipoteza zamani.

Alisema jambo hilo lilimpata na yeye. Alipofika ng'ambo mara ya kwanza, mwenye nyumba alimuuliza kama hahitaji blanketi nyingine. Akajibu yes, maana hakuhitaji, na yule mwenye nyumba akamletea. Kila jioni swali lile, kila jioni yes, mpaka akawa analala chini ya rundo la mablanketi katikati ya joto, akitoka jasho, akiwaza hawa watu wana ukarimu gani huu. Aliwaigizia alivyokuwa akijifunua usiku. Katibu muhtasi aliyeleta faili alicheka pia.

Binti alitabasamu kwa adabu. Kisha akauliza, kwa hiyo mama yake atarudishwa?

Mkuu alifuta macho. Alisema kwa masikitiko kwamba orodha imekwisha kwenda wizarani na nafasi zimejaa. Hilo la dawa atalifuta yeye mwenyewe, leo hii, hakuna haja ya mtu kuwa na wasiwasi. Habari ya kufulia ni ya Matroni, na yeye haingilii wodi. Mwakani mama angekaribishwa kujaribu tena, lakini ameona umri. Yote hayo alimwambia Binti.

"Mweleze mama yako," alimalizia.

Binti alimgeukia mama yake.

"Usinieleze," mama alisema. "Nimeelewa."

Mkuu hakuwa amemaliza. Alimuuliza Binti yuko kidato gani, anapata ngapi Biolojia. Akasema, safari hii kwa Kiswahili ili mama asikose habari njema, kwamba mtoto mwenye Kiingereza kama hiki haulizwi maswali mengi. Akimaliza shule amlete. "Huyu ndiye wa kuja hapa, mama. Umemlea vizuri."

Mama akasema asante. Ilikuwa ya pili, na ilitoka kwa urahisi zaidi.

*

Chumba cha kufulia kilikuwa chini, chini ya jiko, na kuta zake zilitoa jasho. Mashuka yalishushwa kwa mfereji wa bati kutoka juu, yakaangukia kwenye turubai, na kazi ya mama ikawa kuyachambua kabla ya kuingia mashineni. Mikono yake ilibabuka kwa sabuni. Mkuu alikuwa amesimulia kisa cha mablanketi kwenye kikao, na kwa kuwa kisa hakinogi bila mwanzo wake, alisimulia na cha mama. Kufikia mwisho wa mwezi watu asiowajua walimwita Mama Yes. Hawakuwa na ubaya. Wengine walidhani ni jina la mtoto wake.

Aliacha kusema ndiyo. Haikuwa nadhiri, aliliona tu haliji. Alipoulizwa hujamaliza, alisema sijamaliza. Sokoni, nyumbani, kwa jirani, akiulizwa jambo alirudisha kitenzi kizima, kama mtu anayehesabu chenji mbele ya muuzaji.

Siku moja Binti alirudi kutoka karakanani jioni na unga wa chuma kwenye nyusi. Alikuwa amekata na kuunga fremu ya dirisha peke yake, na mteja hakujua kama si Fundi. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa amemwambia kuna chuo cha ufundi kinachochukua wasichana. Aliyasema hayo huku akinawa, haraka haraka, akimtazama baba yake kwenye kioo.

Mama alikuwa amepangusa meza. Alikuwa amekwisha kuweka juu yake vitabu vyake vyote, vya viungo vya mwili, vya sarufi, na karatasi za mitihani ya chuo ya miaka iliyopita, zile alizowaomba wauguzi mmoja mmoja.

"Kaa," alisema.

Binti alivitazama. "Leo?"

"Kila siku. Karakana basi."

"Mama, mimi nataka ufundi."

"Utakwenda uuguzi. Mkuu mwenyewe kakuona."

Fundi alijaribu. Alisema mtoto ana mkono, mkono kama ule hausomewi, na mtu asilazimishwe kitu kwa sababu ya ugomvi wa watu wengine. Aliyasema akiwa amesimama nusu mlangoni.

"Na wewe una mkono," mama alimwambia. "Umetufikisha wapi?"

Fundi alivaa ndala zake. Kisha akasema amesahau kufunga karakana, akatoka, ingawa funguo zilikuwa zikining'inia ukutani.

Wakabaki wawili. Binti hakulia. Alifuta mikono yake kwenye sketi, kidole kimoja kimoja, akimtazama mama yake kama alivyomtazama Mkuu, wima, tayari kueleza.

"Mama. Hujaniuliza kama nataka."

"Sijakuuliza," mama alisema, akamvutia kiti.